Mkaguzi mstaafu tuliyemwita kiwandani kwetu Naliendele: maoni yangu kuhusu kazi yake

Wenyeviti wa vikundi vya kubangua korosho wamekuwa wakinipigia simu kuulizia yule mzee wa Mikindani anayekagua viwanda vidogo kwa malipo. Swali lao ni moja: hela yake inarudi? Nimeona niandike yote hapa, mazuri na mapungufu, kila mtu aamue na kikundi chake.

Jibu fupi ni ndiyo, inarudi. Ila ujue unanunua nini. Huyu mzee hatoi cheti, hana mhuri, na ukimaliza naye bado unatakiwa kujisajili OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, na kukaguliwa na maofisa wenyewe. Alicho nacho ni uzoefu wa ukaguzi wa viwanda serikalini, tangu ile sheria ya zamani ya viwanda ndiyo inatumika, na kichwa kinachokumbuka kila kanuni ilitokana na nini. Orodha ya kasoro unaweza kuipata hata kwa mtu mwingine. Hiyo kumbukumbu ndiyo iliyobaki kiwandani kwetu baada ya yeye kuondoka.

Sisi ni kikundi cha akina mama, tupo Naliendele, kando ya barabara ya kwenda Newala. Tumekodi ghala la bati. Ndani tuna mashine za kubangulia za mkono na mguu, boila ndogo ya kuvukizia korosho ghafi, oveni ya kukaushia, meza za kumenya, na chumba cha kupanga madaraja na kufungasha. Wengi wetu tulishabangua kwenye viwanda vya watu kabla ya kujikusanya. Mimi nilianza nikiwa msichana, na vidole vyangu vinaeleza vyenyewe: ncha zimekuwa ngumu na nyeusi, na siku ya kusajili laini kwa alama za vidole kijana wa simu alihangaika na mimi mpaka akanipangusa vidole kwa spiriti, mashine ikaendelea kukataa. Kwa hiyo habari za usalama kazini sizichukulii kama karatasi za ofisini.

Bei yake ni Sh 80,000 kwa kiwanda cha watu wasiozidi hamsini. Nauli ya bajaji na chakula cha mchana ni juu yenu. Ana sharti moja asilolipunguza: mashine zizimwe na watu wote wawepo, mpaka mlinzi na mama anayepika uji. Nilimwambia mimi na katibu tunatosha kumzungusha, akakataa. Akasema mwenyekiti hakai kwenye mashine. Basi hesabuni na kilo mtakazokosa kubangua nusu siku hiyo, maana nayo ni sehemu ya gharama.

Alianza na ukuta. Alipitisha kidole karibu na oveni, kikatoka cheusi, akauliza mara ya mwisho kupaka chokaa ilikuwa lini. Halafu, kidole bado kakinyoosha, akaanza kutusimulia Uingereza ya mwaka 1802. Viwanda vya pamba vilikuwa vimeota kila penye mto wa kuzungusha mitambo, na watoto yatima walikuwa wanapelekwa huko kwa makundi, wanafanya kazi na kulala hapo hapo. Homa zikawa zinawamaliza. Mwenye kiwanda mmoja aliyekuwa pia mbunge, Robert Peel, baba wa yule aliyekuja kuwa waziri mkuu, ndiye aliyepeleka muswada bungeni. Sheria ikasema kuta zipakwe chokaa mara mbili kwa mwaka, madirisha yatoshe kuingiza hewa, mtoto asifanye kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, apewe nguo mpya angalau mara moja kwa mwaka, na watoto wasilazwe zaidi ya wawili kitanda kimoja.

Hapo kwenye saa 12 wanawake waliguna. Mzee akasema hayo ndiyo yalikuwa maendeleo. Na hata hayo hayakutekelezwa, kwa sababu waliopewa kazi ya kutazama walikuwa hakimu na kasisi wa eneo, watu wanaokula meza moja na wenye viwanda. Sheria ikalala kwenye makabati. Chokaa yenyewe iliendelea kuandikwa kwenye sheria za viwanda za Waingereza vizazi na vizazi, kwa sababu ni rahisi, inaua uvundo na inaonyesha uchafu mapema. Tulipaka wiki hiyo hiyo. Binti anayefagia upande wa oveni sasa ndiye anayenikumbusha.

Kuna mtu atauliza, haya ya Uingereza yanatuhusu nini sisi wa Mtwara? Niliuliza pia. Tulikuwa tumekaa chini ya mwembe tunakunywa chai ya tangawizi kwa mihogo ya kukaanga, na hapo mzee alitoa sehemu ambayo kwangu ilizidi zote.

Alisema Tanganyika ilipokuwa chini ya Mwingereza, sheria ya kazi iliyotangulia mambo ya viwanda ilikuwa ile ya mwaka 1923 ya mabwana na watumishi wa Kiafrika. Mfanyakazi akitoroka kazi kabla ya mkataba kwisha, anashitakiwa kama mhalifu, anatozwa faini au anafungwa. Kwenye mashamba ya katani kulikuwa na kipande: kadi ya siku 30 za kazi, mnyapara anaweka alama kila ukimaliza kazi uliyopimiwa, na mshahara mpaka kadi ijae. Babu yangu mzaa mama alikwenda manamba, yaani kibarua wa mkataba, kwenye shamba la katani la Kikwetu, hapo Lindi, na alikuwa akituambia habari za kipande kilichokaa miezi miwili hakijai kwa sababu ya kuumwa. Alifanya kazi kwenye korona, mashine inayosaga majani ya mkonge kutoa nyuzi, na maji yake yaliwatafuna miguu. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni masimulizi ya wazee. Siku ile nikaelewa kwamba kulikuwa na sheria yenye mwaka na kurasa iliyomshika babu yangu shati.

Kisha mambo yakaanza kugeuka, na hayakugeuka kwa huruma. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukasambaa mpaka bara kufuata reli. Mwaka 1948 ikatungwa sheria ya fidia kwa walioumia kazini. Mwaka 1950 ikaja Sheria ya Viwanda, sura ya 297, iliyofuata mtindo wa Uingereza: chokaa, hewa, vyoo, maji ya kunywa, vizuizi vya mashine, milango ya moto, kitabu cha ajali. Hiyo ilimgeukia mwenye kiwanda. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vikaungana kuwa TFL, shirikisho la wafanyakazi la Tanganyika. Na ile sheria ya viwanda ya mkoloni ndiyo iliyotumika baada ya Uhuru, ikatumika wakati wa Azimio la Arusha, ikatumika wakati serikali inajenga vile viwanda vikubwa vya korosho huku kwetu miaka ya 1970 na 1980, ikatumika mpaka vilipobinafsishwa na vingine kugeuzwa maghala. OSHA ilianzishwa mwaka 2001, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ikapitishwa mwaka 2003. Ndiyo iliyofuta ile ya 1950. Zaidi ya nusu karne! Mzee alikagua viwanda kwa sheria iliyotungwa kabla hajaanza darasa la kwanza.

Tukarudi ndani. Alisimama mlangoni, na hapo ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine.

Ghala letu lina mlango mmoja mkubwa wa chuma unaofunguka kwa ndani, kwa kuwa aliyelijenga alijengea magunia, hakujengea watu. Pembeni yake tulikuwa tunarundika maganda tunayochomea boila. Anayejua maganda ya korosho anajua yanavyowaka: yana mafuta, moto wake ni mkali na moshi wake unakaba. Mzee akauliza, mkiwa ndani mnaufunga? Wanawake wakanitazama. Hapana, hatuufungi. Lakini wote tunajua swali linakotoka.

Kwenye kiwanda kimoja nilichobangua zamani, mlango ulikuwa unatiwa kufuli zamu ikianza. Ufunguo ulikaa mfukoni kwa mlinzi, na mlinzi alikuwa anakwenda kunywa chai. Sababu ilikuwa wizi wa korosho nyeupe. Jioni tulipanga mstari, tunapapaswa mmoja mmoja mpaka kwenye mafundo ya kanga, ndipo tunatoka. Hakuna aliyeuliza oveni ikilipuka tunapita wapi. Tulikuwa tunalipwa kwa kilo, tunafikiria kilo.

Mzee akatuambia habari ya New York, tarehe 25 Machi 1911. Kiwanda cha kushona blauzi, Triangle, kilikuwa ghorofa ya 8, ya 9 na ya 10. Wafanyakazi wengi walikuwa wasichana, wahamiaji wa Kiyahudi na wa Kiitaliano. Mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, ili watu watokee upande mmoja na mabegi yao yakaguliwe, wasiondoke na vitambaa. Moto uliposhika kwenye mabaki ya vitambaa, ngazi za zimamoto zilifika ghorofa ya 6 tu. Walikufa watu 146, wakiwemo makumi walioruka madirishani.

Kukawa kimya. Mama mmoja mtu mzima, anayemenya, akasema taratibu, "Kumbe na wao walikuwa wanapapaswa."

Sijasikia mtu akieleza sheria ya milango ya moto vizuri kuliko mama yule kwa maneno yake hayo. Mzee akaendelea: baada ya moto ule jimbo la New York liliunda tume ya kuchunguza viwanda, na ndani ya miaka michache zikapita sheria nyingi za milango, ngazi, vinyunyizio vya maji na mazoezi ya kutoka. Mwanamke mmoja aliyeshuhudia wasichana wakiruka, Frances Perkins, alifanya kazi na tume hiyo, na mwaka 1933 akawa waziri wa kazi wa Marekani, mwanamke wa kwanza kuingia baraza la mawaziri kule. Mwaka 1938 ikapita sheria yao ya taifa ya kima cha chini, saa za kazi na ajira ya watoto. Na msidhani mambo hayo yamekwisha, akasema. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza lenye viwanda vya nguo liliporomoka Bangladesh, wakafa zaidi ya watu 1,100. Siku moja kabla nyufa zilionekana ukutani, na wafanyakazi waliambiwa warudi kazini.

Mlango wetu sasa unafunguka kwa nje. Nilikwenda na ripoti kwa mwenye jengo, akakubali kugharimia bawaba, sisi tukalipa fundi. Maganda tumeyahamishia nyuma, mbali na ukuta. Suala la wizi tumelimaliza kwa kupima korosho zinazoingia na kutoka kila meza. Mizani imetupa majibu ambayo mikono ya mlinzi kwenye kanga zetu isingeyatoa.

Mashine nitazieleza kwa ufupi, isipokuwa mkanda wa feni ya oveni. Ulikuwa wazi. Mzee alichukua kipande cha kanga kuukuu, oveni ikiwa imezimwa na umeme umechomolewa, akakiweka karibu na gurudumu na kulizungusha kwa mkono, polepole. Pindo likanaswa, kitambaa kikavutwa chote, kikajisokota mpaka akashindwa kukichomoa. Hakuna aliyeongea. Sote tunavaa kanga na mitandio. Akasema Uingereza walilazimishwa kuziba mitambo ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 1844, sheria iliyowaingiza pia wanawake wazima kwenye ulinzi wa saa za kazi, na ikakataza watoto na vijana kusafisha mitambo ikiwa inazunguka. Wenye viwanda walilalamika kwamba vizuizi ni gharama, na mwaka 1855 wakaunda chama cha kupinga. Sisi kizuizi chetu cha wavu kilitugharimu Sh 35,000 kwa fundi wa kuchomelea wa Majengo, na akakimaliza mchana mmoja.

Kuhusu watoto alikuwa mkali, na nilifurahi. Msimu ukipamba moto mama anakuja na binti wa darasa la sita "amsaidie kumenya", na huyo binti kesho anaonekana kwenye meza ya kubangua. Mzee alisema Waingereza mwaka 1833 walikataza watoto chini ya miaka 9 kwenye viwanda vya nguo, wa 9 hadi 13 wakawekewa mwisho wa saa 9 kwa siku, na kwa mara ya kwanza serikali ikaajiri wakaguzi wake yenyewe. Walikuwa wanne kwa nchi nzima. Tena uandikishaji wa vizazi ulikuwa haujaanza mpaka 1837, kwa hiyo daktari anamtazama mtoto meno na kimo, anakadiria umri, na wazazi wenye njaa wanaapa kwamba ana miaka 10. Na kwetu je, ni watoto wangapi hawana cheti cha kuzaliwa? Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kwenye kazi za hatari. Kwetu tumeamua hivi: asiyefika miaka 18 hapiti mstari wa rangi tuliouchora sakafuni, awe mtoto wa mwenyekiti au wa nani.

Akauliza nani ana mtoto wa kunyonya. Wawili wakanyoosha mikono kwa aibu. Akawaambia, wanangu, hiyo si hisani ya mwenyekiti. Sheria hiyo hiyo ya 2004 inawapa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha, na likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mmoja wao ni kibarua wetu, si mwanakikundi, na alidhani haimhusu. Inamhusu. Tumeweka mkeka na chandarua kwenye kibanda cha nje, na bibi mmoja tunamlipa awaangalie.

Sasa nifike kwenye vidole, jambo lililonifanya nimwite.

Maji ya ganda la korosho yanaunguza, na ukipaka kwenye ngozi laini utaona malengelenge. Zamani tulijipaka mafuta ya nyonyo au majivu kabla ya kukaa kwenye mashine, na kwenye viwanda nilivyopita mafuta hayo ulinunua mwenyewe. Sheria ya 2003 inamtaka mwajiri ndiye atoe vifaa vya kujikinga na kuvitunza, na Mkataba wa 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema wazi hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi. Glavu tunanunua. Lakini kila nikipita naona glavu zimekaa kwenye meza na wanawake wanabangua mikono mitupu. Nilikuwa nawafokea. Mzee hakuwafokea. Alikaa kwenye benchi karibu na mbanguaji mmoja, akamwomba abangue kikapu akiwa na glavu, kisha kikapu bila glavu, akitazama saa. Bila glavu alimaliza mapema zaidi, na punje nzima zilikuwa nyingi zaidi. Akanigeukia: "Mwenyekiti, unamlipa kwa kilo. Bei ya kilo mliipanga kwa kasi ya mikono mitupu. Glavu hizi unamkata nazo mshahara."

Nimeajiriwa na viwanda, nimehudhuria semina, nimekaa kwenye vikao na wafadhili. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Tulikaa kikao jioni ile ile na kupanga bei ya kilo upya kwa kasi ya mtu aliyevaa glavu. Inatuumiza kwenye hesabu, sitaficha. Tumenunua pia glavu nyembamba zaidi za mpira, zinachanika mapema lakini vidole vinahisi punje. Sasa hivi zinavaliwa bila mimi kusimama pale.

Hapo pia alitusimulia wasichana wa London waliotengeneza viberiti. Fosforasi nyeupe ilikuwa inaozesha mifupa ya taya. Mwaka 1888 wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha Bryant & May waligoma, na faini walizokuwa wanakatwa zikafutwa. Fosforasi yenyewe ilisubiri zaidi: mataifa kadhaa yalikubaliana Bern mwaka 1906 kuipiga marufuku, na Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1908. Miaka 20 baada ya mgomo. Katibu wetu alitaka kujua kama wakaguzi wote walikuwa wanaume. Mpaka 1893, akajibu mzee, ndipo Uingereza ilipoajiri wanawake wawili wa kwanza. Naamini mkaguzi mwanamke anaona vitu ambavyo mwanaume hataonyeshwa, na ningependa OSHA watuletee wanawake zaidi huku kusini.

Saa za kazi alizimaliza kwa dakika chache, na zilistahili hivyo kwa sababu sheria iko wazi: mwisho saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, siku 6 za kazi, mapumziko ya saa nzima baada ya saa 5 mfululizo. Ziada ni kwa makubaliano, mwisho saa 50 ndani ya wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu. Alitaja tu kwamba Waingereza walipigania saa 10 kwa wanawake na vijana mpaka mwaka 1847, na kwamba mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919, ulikuwa wa saa 8 kwa siku. Nimeibandika karatasi ya saa karibu na mizani. Mteja akitaka mzigo wa haraka namwonyesha hiyo karatasi.

Sasa mapungufu. Ripoti aliahidi siku tatu, ikaja baada ya zaidi ya wiki, tena ya mkono, kwa mwandiko unaohitaji mtu aliyeuzoea. Kijana wetu aliichapa upya mjini kwa gharama yetu. Mzee anaongea kwa sauti ya chini, na waliokaa nyuma walikosa mengi. Siku ya kwenu wapangeni duara. Umeme hakugusa, alisema tutafute fundi mwenye leseni. Boila pia aliikataa, akaagiza ikaguliwe na wataalamu wa OSHA kabla ya msimu. Hapo namsifu, maana wapo wanaojifanya wanajua kila kitu. Lakini angetuambia kabla hajaja, tungepanga mafundi wote siku moja.

Lililoniudhi kidogo ni makuli. Gunia la korosho ghafi ni kama kilo 80, na vijana wetu wanalibeba mgongoni kutoka kwenye gari. Mzee alipita hapo haraka, akasema "tafuteni toroli", basi. Baadaye nikasoma kwamba Shirika la Kazi Duniani tangu 1967 linapendekeza mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Mgongo wa kijana wa miaka 20 ulistahili dakika nyingi kama zile tulizotoa kwa chokaa. Ukimwita, muulize habari za mizigo kwa nguvu, usimwache apite. Toroli tumenunua, na magunia ya kufungua tunayagawa mawili.

Fidia alieleza vizuri, na hapa kila mwajiri mdogo asikilize. Sheria ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Ajali iandikwe kwenye kitabu siku hiyo hiyo, na itolewe taarifa. Alituonyesha namna ya kuandika: jina, saa, mashine gani, alikuwa anafanya nini, nani alishuhudia. Mlinzi wetu aliposema kidole kilichokatwa kidogo si ajali, mzee alimuuliza kidole kikioza mwezi ujao atathibitisha vipi kwamba kilikatwa hapa. Kitabu sasa kipo, kimefungwa kwa kamba kwenye meza ya uji.

Kwa kiwanda kikubwa chenye ofisa wa usalama wa kudumu, sioni sana faida ya kumwita. Kwa vikundi kama vyetu, kwa wenye mashine za kukoboa na kusaga, kwa wanaosafisha ufuta, kwa wanaochemsha chumvi Lindi na Kilwa, mwiteni. Alama nampa nne kwa tano; moja nimeikata kwa ajili ya ripoti na makuli.

Anaishi Mikindani, ukifika karibu na Boma la zamani uliza mkaguzi mstaafu, vijana wa bodaboda watakupeleka. Mwendee Julai au Agosti, kabla korosho hazijaanza kuanguka, kwani Oktoba huna nusu siku ya kuzima mashine. Akiitwa Newala au Lindi anaongeza bei, na atataka mahali pa kulala. Na mwambieni mapema kama mna akina mama wanaonyonyesha, kwa sababu hao hupenda kukaa nao kwanza, kabla viongozi hawajaingia.